Gari la dizeli linakula mafuta na halina nguvu? Angalia haya kabla ya kununua nozo

Ukiwa na Hiace ya abiria, Surf au Prado ya zamani ya dizeli hapa Kampala, huenda umeshaambiwa na fundi wa Ndeeba au Katwe kwamba nozo zimekufa na pampu nayo iko karibu. Wakati mwingine ni kweli. Lakini nozo na pampu ndizo ghali kuliko vyote kwenye mfumo wa mafuta, na mara nyingi ubaya uko kwenye chujio lililoziba, mpira wa hewa uliopasuka au breki inayoshika. Mkimbizi anayeishi mjini kwa kawaida hapati mgawo kama aliye Nakivale au Kyaka II. Kama gari ndilo linalolipa kodi ya nyumba na karo, huwezi kumudu kubahatisha.

Kwanza pima. Jaza tangi mpaka pampu ya kituo ikate yenyewe, andika kilomita zilizo kwenye dashibodi, endesha siku kadhaa kama kawaida, kisha rudi kituo kile kile ujaze tena mpaka ikate. Gawa kilomita ulizotembea kwa lita ulizojaza. Kilomita 280 kwa lita 35 ni kilomita 8 kwa kila lita. Rudia mara mbili au tatu. Usilinganishe wiki ya foleni ya Barabara ya Jinja na safari ya Mbarara, kwa sababu kwenye foleni injini inachoma mafuta bila gari kusogea. Na kama ulifunga matairi makubwa kuliko ya awali, dashibodi inahesabu kilomita pungufu. Gari litaonekana linakula kuliko linavyokula kweli.

Kisha angalia vya bure. Pima upepo wa matairi. Baada ya mwendo mfupi, sogeza mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kali kuliko nyingine, breki ya gurudumu hilo haiachii, na injini inaivuta kutwa nzima.

Moshi unasema nini

Mweusi, hasa ukikanyaga mafuta kupanda mlima, maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa. Anza na chujio la hewa. Vumbi la barabara za murramu huliziba mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema, na kulipiga kwa mkono hakulisafishi. Kama gari lina turbo, kagua mipira yote ya hewa kutoka turbo hadi injini: ufa mdogo, au klempu iliyolegea, inatosha kuondoa nguvu. Oili iliyoganda upande wa nje wa mpira mara nyingi inaonyesha hewa inapotokea. Vali ya kurudisha moshi kwenye injini nayo huganda masizi ikabaki wazi. Haya yakiwa sawa na moshi bado ni mweusi, hapo zungumza kuhusu nozo.

Mweupe wenye harufu kali ya dizeli ni mafuta yasiyoungua. Ukitoka asubuhi tu kisha ukaisha, shuku plagi za kupasha joto. Ukiendelea injini ikiwa moto, inaweza kuwa taimingi ya pampu, nozo au silinda dhaifu. Mweupe unaoendelea huku maji ya rejeta yakipungua ni gasketi ya silinda hedi au hedi yenyewe, usiendelee kuendesha. Wa bluu ni oili inayoungua, kupitia ringi, sili za vali au turbo.

Na kama hakuna moshi ila gari linachoka mlimani? Basi huenda dizeli haifiki. Badilisha chujio la dizeli, ondoa maji yaliyotuama chini yake, na tafuta mahali mpira wa mafuta unapovuta hewa. Ni kazi ya bei nafuu, na ningemshuku fundi anayetaka kushusha pampu kabla ya kuifanya.

Themostati iliyotupwa

Kuna desturi katika gereji zetu ya kutoa themostati ili gari lisichemke. Matokeo yake injini inabaki baridi, dizeli haiungui vizuri, na matumizi yanapanda. Kama mshale wa joto haufiki mahali pake hata baada ya safari ndefu, uliza kama themostati ipo. Gari linalochemka lina shida nyingine inayotafutwa kwa jina lake.

Magari ya D-4D na mengine ya kompyuta yana hatari yake. Mafuta ndani ya mabomba yana shinikizo la mamia ya baa hata gari likiwa limesimama, na yanaweza kupenya ngozi. Asikubali mtu kulegeza bomba la nozo injini ikiwaka, kama ilivyozoeleka kwenye injini za zamani. Kipimo chake ni kukinga kwenye chupa mafuta yanayorudi kutoka kila nozo: ile inayojaza chupa haraka kuliko wenzake ndiyo iliyochoka. Kodi ya kompyuta nayo inaonyesha dalili ilipoonekana, haikuambii ukanunue kipuri gani Kisekka.

Dizeli ya jerikani kando ya njia iache. Ikichanganywa na mafuta ya taa hailainishi pampu vizuri, na maji yakiingia huharibu nozo. Tunza risiti ya kituo. Ukishuku mafuta, malalamiko hupokelewa na shirika la viwango la UNBS, lenye makao makuu Bweyogerere.

Ukienda gereji, badilisha kitu kimoja kwa wakati, dai kipuri cha zamani, kisha jaza tangi upime tena. Vitatu vikibadilishwa siku moja, hutajua kipi kilikuwa kibovu, na utalipia vyote.