Ofisi juu ya magurudumu mawili

Mwaka 1983 Steven K. Roberts alikuwa na nyumba ya vyumba vitatu viungani mwa Columbus, jimbo la Ohio, iliyojaa samani, na madeni ya kutosha kumkumbusha kila mwisho wa mwezi kwamba vyote hivyo vina bei. Alikuwa amejiajiri, akiandika na kutoa ushauri wa mambo ya kompyuta. Kadiri alivyochapa kazi ndivyo alivyozidi kuona kwamba anafanya kazi ili alipie nyumba, na anakaa ndani ya nyumba ili afanye kazi. Akaketi akaorodhesha mambo anayoyapenda: kuandika, kusafiri, baiskeli, vifaa vya elektroniki, redio za mawasiliano, kujifunza, mapenzi. Alipoipitia orodha ile aliona hakuna hata jambo moja linalodai nyumba. Akaiuza.

Septemba mwaka huohuo aliondoka Columbus peke yake, juu ya baiskeli aliyoiita Winnebiko, jina alilolipata kwa kuyatania magari ya Winnebago yenye kitanda na jiko ndani ambayo wastaafu wa Kimarekani huzungukia nchi yao. Nyuma ya kiti palikuwa na hema, nguo, spana, vipuri, paneli ndogo za jua na kompyuta. Alishuka pwani ya mashariki hadi Florida, akafika Key West ambako barabara inaishia baharini, akakata magharibi kupitia Texas, akapanda milima ya Colorado na hatimaye kuingia California. Safari hiyo ya kwanza ilikuwa ya maili 10,000, yaani kama kilometa 16,000, na katika muda wote huo hakuacha kazi. Huo ndio msingi wa habari hii. Watu waliozunguka nchi na hata dunia kwa baiskeli ni wengi; huyu aliondoka na ofisi yake na kuendelea kulipwa.

Asingeweza kufanya hivyo kwa baiskeli tunayoijua. Ya kwake ilikuwa ya kuegemea: kiti kipana chenye mgongo, miguu imenyooshwa mbele, pedali zikiwa mbele ya mwili badala ya chini yake. Usukani uko chini ya kiti, kwa hiyo mikono inaning'inia tu kandokando ya mapaja na kushika vishikio bila kubeba uzito wowote. Anayeendesha hajainama. Kichwa kiko wima, macho yanaona barabara, mashamba na mbingu, na shingo haina sababu ya kulalamika. Yeyote aliyewahi kukaa saa sita juu ya siti ya kawaida anajua ni sehemu gani za mwili zinazolipa gharama: viganja, mabega, na ile sehemu ambayo kwenye gazeti la familia hatuitaji. Kiti cha kuegemea huugawa uzito mgongoni na makalioni, na mtu huweza kumaliza siku nzima akashuka akiwa anatembea kama binadamu.

Wengi wanaoiona kwa mara ya kwanza hudhani ni ya mgonjwa au ya mvivu. Historia inasema vingine. Tarehe 7 Julai 1933, jijini Paris, Mfaransa Francis Faure, mwendesha baiskeli ambaye hakuwa wa daraja la juu, alipanda baiskeli ya kuegemea iliyoundwa na Charles Mochet na kwenda kilometa 45.055 kwa saa moja. Rekodi aliyoivunja, ya Oscar Egg wa Uswisi, ilikuwa imesimama tangu 1914. Wakubwa wa mchezo hawakufurahi. Mwaka 1934 shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, liliandika upya tafsiri ya baiskeli ya mashindano, na tafsiri hiyo ikaiacha ya Mochet nje ya mlango. Kisa chenyewe ni upepo. Ukienda kasi katika barabara tambarare, sehemu kubwa ya nguvu zako inaliwa na hewa unayoisukuma kwa kifua. Aliyeegama humpa upepo kifua kidogo. Uamuzi ule uliifukuza baiskeli hiyo viwanjani kwa miaka mingi, hadi wahandisi wa Marekani walipoifufua miaka ya sabini, miongoni mwao David Gordon Wilson, profesa wa chuo cha MIT. Kwa hiyo Roberts alipokwenda kwa fundi wa fremu pale Columbus kuagiza ya kwake, alikuwa anaagiza kitu ambacho kingeweza kuwa cha kawaida miaka hamsini kabla kama wakubwa wale wangetulia.

Hiyo haina maana kwamba baiskeli hii haina ubaya. Ubaya wake unaitwa mlima.

Kwenye baiskeli ya kawaida, mlima ukizidi unasimama juu ya pedali na kuzikandamiza kwa uzito wa mwili mzima. Kwenye ya kuegemea husimami. Una misuli ya miguu na mgongo wa kiti cha kusukumia, basi, na ukiongeza nguvu kwa pupa magoti ndiyo yanayoumia. Dawa yake ni gia ndogo sana na subira. Lakini gia ndogo inaleta shida ya pili: mwendo ukishuka hadi wa mtu anayetembea, baiskeli inaanza kuyumba, na yenye mzigo inayumba kwa kishindo. Unakwenda ukichora nyoka barabarani huku lori likikusogelea nyuma. Ukisimama katikati ya mlima, kuanza tena ni kazi ya akili: lazima mguu mmoja uwe tayari juu ya pedali, wa pili usukume ardhi na kurukia pedali yake kabla chombo hakijalala ubavuni. Kuishuka ukaikokota nako si mchezo, maana iko chini na ni ndefu, na kishikio unachotaka kukamata kiko chini ya kiti.

Hapo ndipo namna ya kupakia inapoamua safari. Vijana wa mkaa wanaoingia mijini alfajiri na magunia matatu kwenye keria wangemwelewa Roberts bila mkalimani: mzigo ukikaa juu na nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unakosa utii. Katika baiskeli ya kuegemea vitu vizito hushushwa chini kabisa, kwenye mikoba iliyo usawa wa ekseli au chini ya kiti, na vyepesi ndivyo vinavyopanda juu. Ubavu wa kushoto usizidi wa kulia. Kinachotakiwa mara kwa mara, kama koti la mvua, pampu na viraka, kisizikwe chini ya hema. Spoku za nyuma ndizo hufa kwanza, kwa hiyo za akiba husafiri pamoja na mwenyewe. Cheni ya baiskeli hizi inaweza kuwa na urefu wa zaidi ya mara mbili ya cheni ya kawaida, kwa kuwa pedali ziko mbali na gurudumu la nyuma, na ndefu hivyo hukusanya vumbi la kutosha kumwajiri mtu jioni na kitambaa cha mafuta.

Sasa ofisi. Kompyuta aliyoondoka nayo ilikuwa TRS-80 Model 100, iliyotoka mwaka huohuo wa 1983, na waandishi wa habari wa kizazi kile huitaja hadi leo kwa mapenzi ambayo sijawahi kuyasikia kwa kompyuta nyingine. Ukubwa wake ni kama wa daftari kubwa. Kioo chake kinaonyesha mistari minane tu, kila mstari herufi arobaini. Inatumia betri nne ndogo zilezile za redio, na betri hizo hudumu kwa saa nyingi za kuandika. Hakuna feni, hakuna diski inayozunguka, unaiwasha, unaandika.

Kutuma ndiko kulikokuwa na hadithi. Simu ya mkononi tuisahau: mtandao wa kwanza wa kibiashara wa aina hiyo nchini Marekani ulizinduliwa Chicago mwezi Oktoba 1983, Roberts akiwa tayari njiani, na simu yenyewe ilikuwa na uzito na bei vya kukatisha tamaa. Alitegemea vibanda vya simu za sarafu. Anaegesha baiskeli kando ya duka au kituo cha mafuta, anaingia kibandani, anapiga namba, kisha anachukua mkono wa simu na kuukandamiza ndani ya vikombe viwili vya mpira vilivyounganishwa na kompyuta. Kikombe kimoja kinasikiliza, cha pili kinapiga miluzi. Miluzi hiyo ndiyo maneno yake, yakisafiri kwa kasi ya herufi 30 hivi kwa sekunde. Makala kama hii unayoisoma ingechukua dakika tano au sita kupita, iwapo lori halikupiga honi karibu na kibanda na kuyavuruga maandishi.

Upande wa pili wa waya palikuwa na CompuServe, huduma ya mtandao ambayo makao yake makuu yalikuwa Columbus kwao. Humo alipokea ujumbe, alituma kazi kwa wahariri na kuzungumza na marafiki ambao hawakujua asubuhi hiyo yuko jimbo gani. Msaidizi wake aliyebaki Ohio alishughulikia barua za karatasi na malipo. Wahariri walipata makala, mwenye makala akapata hundi, na mwaka 1988 yote yakawa kitabu, Computing Across America.

Ndiyo maana nasita kuiita safari ya upweke, ingawa alikuwa peke yake barabarani. Mchana hakuwa na mtu wa kumsaidia kupandisha mlima wala kumlindia mali akienda msalani. Usiku, akiwa kwenye hema au sebuleni kwa mwenyeji aliyemkaribisha, alikuwa na mtaa mzima wa majirani wasioonekana, na mtaa huo haukuhama yeye alipohama. Leo ukienda Paje au Diani utawakuta vijana wa mataifa yote wakifanya kazi za London na Berlin wakiwa miguu peku, na hakuna anayeshangaa. Mwaka 1983 aliyefanya hivyo ilibidi aanze kwa kueleza barua pepe ni kitu gani.

Kitu kimoja kilimkera njiani. Mawazo bora humjia mtu akiwa anakanyaga pedali, na mikono yake, hata kama haikubeba uzito, haikuwa na la kufanya zaidi ya kushika vishikio. Jioni, mbele ya kompyuta, nusu ya mawazo yalikuwa yameyeyuka. Hivyo mwaka 1986 alirudi barabarani na Winnebiko II, na humo vishikio vya chini ya kiti vilikuwa na vitufe. Alibonyeza kwa vidole mseto wa vitufe, kila mseto ukiwa herufi, na maandishi yakatokea kwenye kioo kilicho mbele yake, juu ya miguu inayozunguka. Usukani ungekuwa juu, kama wa baiskeli zetu, jambo hilo lisingewezekana kwa starehe ile; mikono iliyobeba kifua haina vidole vya ziada. Aliandika akienda. Paneli za jua zililisha kompyuta na redio, na tangu hapo alilazimika kueleza kila kijiji kwamba hapana, jua haliendeshi magurudumu, magurudumu yanaendeshwa na miguu yake na chakula alichokula. Chombo hicho kilikuwa na uzito wa kilo 100 hivi kabla yeye hajakipanda. Safari hii, ya maili kama 6,000, hakuwa tena peke yake. Mwenzi wake aliendesha baiskeli ya kuegemea ya kwake.

Mtu mwingine angeishia hapo. Roberts alirudi karakana na kutumia zaidi ya miaka mitatu, akisaidiwa na makampuni mengi ya teknolojia, kuunda chombo cha tatu, BEHEMOTH. Jina ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza ambayo kwa Kiswahili yangekuwa mashine kubwa ya kielektroniki inayoendeshwa na binadamu, ila nzito mno. Hakuna aliyemsingizia. Pamoja na trela lake ilikuwa na uzito wa pauni 580, zaidi ya kilo 260, na gia 105. Ilikuwa na kompyuta kadhaa, mawasiliano ya satelaiti, kofia yenye skrini ndogo mbele ya jicho na kifaa kilichofuata mwendo wa kichwa ili kichwa kiwe ndicho kipanya, na ndani ya kofia hiyo mirija ya maji baridi ya kupoza kichwa. Kwa sababu ya ile shida ya kuyumba mlimani, ilikuwa na magurudumu madogo ya pembeni yaliyoteremshwa kwa nguvu ya hewa mwendo unapokufa.

Mwaka 1991 aliipeleka Iowa kwenye RAGBRAI, msafara wa kila mwaka ambapo maelfu ya watu huvuka jimbo hilo kwa baiskeli. Magazeti na televisheni yaliipenda. Lakini katika jumla ya maili 17,000 zinazohesabiwa kwa safari zake zote za baiskeli, karibu zote zilikuwa zimeshamalizwa na zile mbili za kwanza, na chombo kilichogharimu miaka na akili nyingi kuliko vyote ndicho kilichotembea kidogo kuliko vyote. Kwa maoni yangu ile ya 1983, yenye kioo cha mistari minane, ndiyo ilikuwa bora. Ilibeba kazi yake na bado ikabaki baiskeli. Ya tatu ilikuwa maabara inayoomba msaada kila ikiona kilima, na sasa iko Mountain View, California, katika jumba la makumbusho ya historia ya kompyuta, ambako sakafu ni tambarare.

Mwenyewe nadhani aliliona hilo, maana baada yake aliacha barabara kabisa akahamia majini. Alianza kuunda mashua ndogo yenye vielea viwili ubavuni, inayokwenda kwa tanga, kwa paneli za jua na kwa pedali, huku ikiwa na magurudumu ya kukunja ya kuipandishia ufukweni. Baharini hakuna milima. Mashua hiyo ilikula muda mrefu zaidi karakana kuliko BEHEMOTH, kwa sababu kila nafasi iliyobaki wazi ndani yake alipata kifaa cha kuweka.