Kunepa, Kudunda na Kucheza: Istilahi za Kutambua Hitilafu za Springi na Shokomzoba Nyumbani

Katika makala haya tunakusudia kueleza istilahi chache zihusuzo sehemu za gari zinazopokea mitikisiko, na jinsi mwenye gari la familia awezavyo kuzitumia nyumbani kwake kutambua hitilafu. Mfano wetu ni Kiwengwa, katika mwambao wa kaskazini-mashariki wa Unguja. Gari la huko huacha lami likaingia njia za mawe ya matumbawe, na upepo wa bahari huleta chumvi inayokula chuma mwaka mzima. Mwenye gari anapompelekea habari fundi aliyeko mjini, aghalabu husema maneno mawili tu: “Shokapu zimekufa.” Fundi akiyashika maneno hayo bila ya kupima, shokapu hununuliwa, fedha hutoka, na mlio hubaki palepale.

Kwanza yafaa tulitazame jina la mfumo wenyewe. Lugha ya Kiingereza huuita kwa neno lenye maana ya kuning’inia, kwa kuwa zamani huko Ulaya mabodi ya magari ya farasi yalitundikwa kwa mikanda ya ngozi. Kuitafsiri maana hiyo neno kwa neno hakumsaidii msomaji wetu, ambaye haoni kitu kinachoning’inia. Twapendekeza kuutaja kwa kazi yake: mfumo wa kuhimili mitikisiko. Ama majina ya vipande, kama springi, bushi na shokomzoba (ambayo mafundi wengi huiita shokapu), yamekwisha kuzoeleka, wala hatuoni sababu ya kuyaondoa. Upungufu uko katika kueleza ugonjwa, na hapo Kiswahili kina vitenzi vyake tangu zamani.

Kunepa. Ubao unaolemewa na mzigo hunepa. Springi ndiyo ibebayo uzito wa gari, na ikichoka au ikikatika, gari hulalia upande. Liegeshwe gari mahali tambarare, likiwa tupu na tairi zimejazwa upepo sawasawa. Kisha ipimwe kwa futikamba nafasi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, kushoto na kulia. Vipimo vya magurudumu mawili ya mbele, au mawili ya nyuma, vikitofautiana waziwazi, springi ishukiwe kwanza. Shokomzoba mpya haitaliinua gari lililonepa.

Kudunda. Springi peke yake ikibonyezwa hupanda na kushuka mara nyingi, kama mpira. Kazi ya shokomzoba ni kuituliza. Ndani yake pistoni husukuma mafuta yapite katika matundu madogo, na nguvu ya mtikisiko hugeuka joto. Bonyeza pembe moja ya gari kwa uzito wako wote, kisha iachie. Ikipanda na kutulia, ni dalili njema. Ikiendelea kudunda, shokomzoba imechoka. Hata hivyo kipimo hiki hakitoshi, kwani magari mengi ya sasa ni magumu kubonyezeka. Hivyo tazama pia kama mafuta yanachuruzika mwilini mwa shokomzoba, na kama tairi limelika mabonde mabonde. Jambo hili si la starehe tu: tairi linalodunda huachana na barabara, na breki huchelewa kulisimamisha gari.

Kucheza. Kiungo kilicholegea mafundi husema kinacheza. Zuia magurudumu kwa mawe, inua gari kwa jeki, na uliweke juu ya stendi imara. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee. Shika gurudumu la mbele juu na chini, ulitikise. Likicheza, yashukiwe boli jointi au beringi. Mtu mwingine akikanyaga breki na mchezo ukakoma, shuku zaidi beringi. Kisha lishike kushoto na kulia. Likicheza hapo zaidi, tazama tairodi. Ama mlio wa kugonga katika vijishimo vidogo, ilhali gari halidundi wala halikunepa, mara nyingi hutokana na bushi au linki za stabilaiza, ambazo kwa kawaida bei yake ni nafuu kuliko shokomzoba.

Mipaka ya kazi ya nyumbani nayo ielezwe. Katika magari mengi ya familia springi ya mbele huizunguka shokomzoba, nayo imebanwa kwa nguvu kubwa. Kuifungua bila ya kifaa cha kuibana kwaweza kumuua mtu. Kazi ya mwenye gari ni kutambua na kueleza. Kufungua aachiwe fundi.

Basi badala ya kusema shokapu zimekufa, na aseme: “Gari limenepa nyuma kushoto, halidundi, wala magurudumu hayachezi.” Maelezo hayo yamwonyesha fundi pa kuanzia kabla hajatoka mjini. Wala si ajabu kwa lugha yetu kupata istilahi za gari katika maneno ya zamani: usukani ulikuwa wa chombo cha baharini kabla ya kuwa wa gari. Tunawaomba wasomaji, hasa mafundi wa Unguja na Pemba, watuletee vitenzi vingine wanavyovitumia gerejini, ili viorodheshwe pamoja na majina ya vipande.