Nobu ya Kusakia Mawimbi, kutoka Redio ya Gari Iliyokufa

Redio za mawimbi mafupi zimehamia ndani ya kompyuta. Kipokezi chenye ukubwa wa kidole kinachomekwa kwenye USB, na programu inachuja, inakuza na kutoa sauti. Ila nobu imepotea. Anayesikiliza bendi ya mita 40 analazimika kuhangaika na kipanya juu ya tarakimu ndogo za kwenye kioo, wakati sauti ya msemaji katika bendi hiyo inachukua upana wa kilohezi 2.5 hivi, na kosa la hezi 100 linatosha kuipotosha. Wanaokumbuka foni, yaani redio za mawasiliano, za parokia na hospitali za Kivu, zilizounganisha vijiji visivyokuwa na simu, wanajua kwamba kazi hii ni ya mkono na sikio kwa pamoja.

Nobu hiyo inaweza kutengenezwa Mapendo, hapa Goma, na sehemu yake kuu huenda imelala kwenye boksi la fundi yeyote wa redio. Kinachozungushwa kuongeza sauti kwenye redio nyingi za gari za kidijitali ni enkoda: kifaa kinachozunguka bila kikomo na kutoa ishara kila kinapopiga hatua. Hata gurudumu la kipanya kibovu lina enkoda ndani yake.

Enkoda ina swichi mbili, A na B, zinazofunga na kufungua kwa kupishana. Tukiandika 0 kwa iliyofungwa na 1 kwa iliyofunguliwa, ukizungusha upande mmoja unapata 00, 01, 11, 10, kisha 00 tena. Upande wa pili mfuatano unarudi kinyumenyume. Kila mara swichi moja tu ndiyo inayobadilika, na hapo ndipo uzuri wote wa kifaa hiki ulipo. Vyuma vya swichi hurukaruka kwa milisekunde chache kabla ya kutulia, na programu inayotazama A peke yake huhesabu kila mruko kuwa hatua, masafa yakakimbia ovyo. Programu inayokumbuka hali iliyopita ya swichi zote mbili haihangaiki: mruko wa kwenda 01 na kurudi 00 ni kuongeza moja na kupunguza moja, jumla sifuri. Ikiona 00 imekuwa 11 kwa ghafla, inajua kuna hatua iliyoikosa, nayo inaipuuza. Mistari michache ya programu inamaliza kazi hiyo. Kapasita ndogo kwenye kila waya husaidia, lakini haichukui nafasi ya hesabu sahihi.

Maikrokontrola, yaani chipu itakayosoma enkoda na kuendesha programu hiyo, iwe ile yenye USB ndani yake, kama ATmega32U4 iliyo kwenye Arduino Leonardo, au Raspberry Pi Pico, iliyotoka mwaka 2021 kwa dola 4. Inajitambulisha kwa kompyuta kuwa ni kipanya na kutuma mizunguko ya gurudumu, kwa hiyo hakuna dereva wa kusakinisha. Programu za kupokelea kama SDR# na Gqrx hubadilisha masafa kwa gurudumu la kipanya. Chipu kuu ya Arduino Uno R3 haina USB yake, itakuzungusha bure.

Sasa hesabu. Enkoda yenye hatua 20 kwa mzunguko hutoa mabadiliko 80. Kila badiliko likiwa hezi 10, mzunguko mmoja ni hezi 800, yaani mizunguko 250 kuvuka bendi nzima ya mita 40, kilohezi 7,000 hadi 7,200. Mkono hautakubali. Dawa ni kupima muda kati ya hatua: ukizungusha polepole itume moja moja, ukizungusha kwa kasi itume kumi kwa kila hatua. Mimi naona kipengele hiki ndicho kinachotofautisha nobu ya kutumia na nobu ya kuonyesha wageni.

Usisahau kelele. Waya wa USB hurusha vurugu moja kwa moja kwenye mawimbi mafupi, na katika nyumba zilizobanana za Mapendo antena iko karibu na kila chaja ya jirani. Tumia waya mfupi, uvishe pete ya feraiti, kisha sikiliza masafa matupu huku ukichomeka na kuchomoa nobu. Mvumo ukipanda, isogeze antena kabla ya kulaumu kipokezi.

Yote haya ni ya kusikiliza. Kurusha sauti kunahitaji kibali cha mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, na alama ya wito, ambayo kwa Kongo huanza na 9Q.