Chini ya Ukingo wa Kidonda: Sampuli za Ugonjwa wa Buruli

Ugonjwa wa Buruli, uliopata jina lake kutokana na eneo la Buruli nchini Uganda, karibu na Ziwa Kyoga, ambako wagonjwa wengi walionekana katika miaka ya 1960, husababishwa na bakteria aitwaye Mycobacterium ulcerans, wa ukoo mmoja na wale wa kifua kikuu na ukoma. Bakteria huyo hutoa sumu iitwayo mikolaktoni, ambayo huua tabaka la mafuta lililo chini ya ngozi na kupunguza maumivu, ndiyo maana mgonjwa huweza kukaa na uvimbe kwa wiki nyingi bila kwenda kutibiwa.

Palipo na kidonda wazi, sampuli huchukuliwa kwa kijiti chenye pamba, na hapo ndipo makosa mengi huweza kutokea. Kidonda hiki hula kwa chini, mithili ya ukingo wa mto uliochimbwa na maji huku nyasi za juu zikiwa bado zimesimama, na bakteria hujificha ndani ya pango hilo, tena kwa mafungu yasiyolingana. Kijiti kinachopitishwa katikati ya kidonda huokota tishu zilizokufa na vijidudu vingine, ilhali kinachoingizwa chini ya ukingo na kuzungushwa pande zote hukutana na mhusika mwenyewe.

Uvimbe ambao haujapasuka haufikiki kwa pamba. Zamani, tiba ilipokuwa upasuaji, nyama iliyokatwa ndiyo iliyopelekwa maabara. Lakini baada ya Shirika la Afya Duniani kupendekeza tiba ya antibiotiki mwaka 2004, kumkata mgonjwa kwa ajili ya kipimo tu kulikosa utetezi. Sindano nyembamba, inayofyonza majimaji na chembe chache kutoka ndani ya uvimbe, ikachukua nafasi hiyo, kwa kuwa haihitaji mshono wala chumba cha upasuaji. Kipande cha nyama, ambacho hutolewa kwa kifaa cha kutoboa ngozi baada ya kupiga ganzi, kimebaki kwa mgonjwa anayeshukiwa kuwa na maradhi mengine, kama saratani ya ngozi, kwani mpangilio wa tishu hauonekani katika tone la sindano.

Uchache wa tone hilo hauleti hasara kubwa katika kipimo cha vinasaba, yaani PCR, kwa sababu kipande cha kinasaba kinachotafutwa hujirudia zaidi ya mara 200 ndani ya bakteria mmoja. Hadubini ni rahisi na ya haraka, ila huwakosa wagonjwa wengi. Kuotesha bakteria, ambaye hupenda joto la nyuzi 29 hadi 33, huchukua wiki 6 hadi 8 au zaidi, na majibu huweza kufika mgonjwa akiwa amekwisha kumaliza wiki zake 8 za rifampisini na klarithromaisini. Hata hivyo, kidonda kinapokawia kupona baada ya dawa, PCR huweza bado kunasa vinasaba vya bakteria waliokwisha kufa, na hapo ni uoteshaji huo wa polepole unaoonyesha kama wamo walio hai.