Safari ya mkutano wa wataalamu: tupunguze moshi, tusipunguze wakulima

Barua ya mwaliko ikifika kwa koperative, swali la kwanza huwa: nani ataenda? La pili ni pesa ya safari. Siku hizi kumeongezeka la tatu, hasa kwa mikutano ya wataalamu wa kilimo na ya hali ya hewa: mjumbe atasafiri na nini, na chombo hicho kitatoa moshi kiasi gani? Wengine kati yenu wanacheka. Sisi tunaenda kwa mguu na kwa kinga, moshi wetu ni upi? Wana haki ya kucheka, lakini jambo lenyewe lina maana kwetu, basi tulieleze.

Lita moja ya esanse ikiungua inatoa karibu kilo 2.3 za gesi ya kaboni. Ya mazutu inatoa karibu kilo 2.7. Mtu atauliza vile lita isiyofika kilo moja inazaa zaidi ya kilo mbili. Ni kwa sababu mafuta yakiungua yanashikana na oksijeni ya hewa, na uzito wa oksijeni hiyo unaingia ndani ya hesabu. Gesi hiyo inabaki juu miaka mingi sana, inashika joto la jua, na joto hilo ndilo linaloharibu majira ambayo wakulima wa mpunga na wa karanga walizoea kuyafuata.

Tupige hesabu ya barabara tunayoijua. Kutoka Kasongo hadi Kindu ni zaidi ya kilomita 200, kwa hiyo kwenda na kurudi ni 400 na kitu. Pikipiki inayokula lita 3 kwa kilomita 100 itachoma lita 12: kilo 28 hivi za kaboni. Wakipanda wajumbe wawili bila dereva wa kukodi, kila mmoja anabeba kilo 14. Jipu inayokula lita 15 kwa kilomita 100 itachoma lita 60 za mazutu, karibu kilo 160. Ikiwa ndani kuna dereva na mkubwa mmoja tu, mzigo wote ni wa huyo mkubwa. Wakiingia wajumbe watano, kila mmoja anabakia na kilo 32. Na hii ni hesabu ya barabara kavu! Kwenye matope, nanyi mnayajua, injini inakula zaidi. Kamioni iliyokuja kuchukua mpunga itarudi Kindu hata mjumbe asipopanda. Yeye akikaa juu ya magunia haongezi mafuta ya kuonekana.

Sasa ndege. Kutoka Brussels hadi Kinshasa ni kama kilomita 6,200. Msafiri mmoja akienda na kurudi, sehemu yake ya kaboni inapita tani moja. Hiyo ni zaidi ya safari 35 za pikipiki yetu ya Kasongo–Kindu. Mtu anaweza kuja mbali hivyo kutufundisha saa mbili juu ya kaboni, kisha jioni akarudi uwanjani.

Kwa mafuta yanayochomwa, Mkongomani mmoja kwa wastani hafikishi hata sehemu ya kumi ya tani kwa mwaka, na wastani wa dunia unapita tani 4. Msitu unaokatwa na kuchomwa ni hesabu ingine, na kwa nchi yetu ndiyo kubwa, tusiifiche. Lakini kwa upande wa safari, wa kwanza kupunguza ni wale wanaopanda ndege mara kwa mara.

Kuna wanaojaribu. Mwaka 2023 mtafiti Mwitalia Gianluca Grimalda, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi moja ya Ujerumani, alikuwa Bougainville, kule Papua New Guinea. Aliambiwa arudi haraka, akakataa kupanda ndege, akapoteza kazi. Alirudi kwa meli, treni na basi, safari ya zaidi ya mwezi. Hatuombi mjumbe wetu afanye hivyo. Mkulima akikaa njiani mwezi mzima wakati wa kupalilia, nani atampalilia?

Lakini tazameni upande wetu. Tuseme mkutano uko Yangambi, karibu na Kisangani, kwenye kituo cha INERA. Ni mahali panapofaa kuzungumza juu ya kaboni: tangu 2020 kuna mnara wa mita 55 unaopima gesi ambayo msitu unavuta na kutoa. Toka Kindu unaweza kushuka Lualaba kwa mashua hadi Ubundu, kisha kuna reli ya kilomita 125 hadi Kisangani, iliyofunguliwa tangu 1906, halafu mto tena. Njia ya moshi kidogo iko, babu zetu waliipita. Shida ni kwamba treni haina siku ya uhakika, sawasawa na ile inayopita Samba na Kibombo. Mjumbe hawezi kuahidi kufika Jumatatu kwa treni ambayo haijulikani itaondoka lini. Mahali ambapo reli na barabara zimekufa, ndege ndogo inabaki, na hatumlaumu anayeipanda.

Ndiyo maana sisi tunaona kwamba njia bora ni kusogeza mkutano wenyewe. Wa Kabambare wanaanza na barabara ya Kasongo kabla hawajahesabu ya Kindu. Wataalamu watatu wakija Kasongo kwa gari moja, wakakaa wiki nzima, wakaingia mashambani, ni moshi mdogo kuliko wajumbe ishirini kutawanyika njiani. Tena wataona mihogo yenye ugonjwa kwa macho yao, si kwa picha ukutani.

Mkutano wa simu nao unasaidia, ila rezo ikikatika mkulima anasikia nusu na hajibu kitu. Afadhali kurekodi maswali ya wanamemba kwa sauti, kuyatuma siku chache kabla, na kudai majibu kwa njia hiyo hiyo.

Mjumbe akienda mbali, asirudi na vijiti vya mihogo alivyopewa njiani na rafiki. Batobato inasafiri ndani ya kijiti, na shamba zima linaweza kulipia zawadi hiyo. Apokee tu vile ambavyo agronomu amevikagua.

Kwa mwaliko ujao, komite ijibu kwa maandishi kabla ya kuchagua jina: je, mkutano unaweza kufanyika Kasongo au Kindu? Unaweza kungoja mavuno yaishe? Gari la shirika lina nafasi ngapi, na litapita Kabambare siku gani? Wakijibu kwamba nafasi ya mkulima imefutwa ili kupunguza kaboni, waulizwe pia ni wageni wangapi wanakuja kwa ndege.