Fahamu: Tiba ya usemi na lugha kwa wanafunzi wa Kampala

Mwanafunzi mwenye kigugumizi, au anayechelewa kusema, mara nyingi huitwa mzito wa akili. Ni kosa linaloumiza. Wengi wao wana akili timamu. Wanachohitaji ni tiba ya usemi na lugha.

Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha shahada ya fani hii mwaka 2008, ya kwanza Afrika Mashariki. Hata hivyo, wataalamu bado ni wachache mno kuzifikia shule zote.

Kazi yao si matamshi tu. Hupima namna mtoto anavyoelewa maelekezo na kupanga sentensi, kisha humwelekeza mwalimu: mpe muda wa kujibu, usimkatize, tumia picha na ishara.

Kampala ina ugumu wake. Mtoto huzungumza Luganda nyumbani, darasani anakuta Kiingereza. Akipimwa kwa Kiingereza pekee, anaweza kuonekana ana tatizo kumbe anajifunza lugha mpya. Tatizo halisi la lugha hujitokeza katika lugha zote mbili.

Mzazi, ukiwa na shaka, mpeleke mtoto apimwe masikio kwanza, kisha mwone mtaalamu. Usisubiri eti atasema akikua.