Miti Katika Njia ya Umeme

Hapana mwananchi wa Katavi asiyetaka umeme wa gridi. Miaka mingi Mpanda iliwashiwa taa kwa mitambo ya dizeli, na laini ya kilovolti 132 itokayo Tabora kupitia Ipole na Inyonga twaipokea kwa mikono miwili. Lakini laini haipiti ila njia yake ifyekwe, na chini ya nyaya mti mrefu haupandwi tena.

Mwembe uliopandwa nyumbani huhesabiwa na mthamini, na mwenyewe huandikwa katika orodha ya fidia. Je, mtundu wa porini? Katika karatasi hauna mwenyewe. Lakini mrina asali wa Inyonga ametundika mzinga wake juu yake, na nyuki hula maua yake. Mzinga waweza kuhamishwa, maua hayahamishwi.

Basi twawaomba wasimamizi wa kazi za namna hii, za umeme na za barabara pia, wawaite warina asali kabla ya shoka, wala si baada yake, wawape siku za kuhamisha mizinga. Na magogo ya mninga (mbao ya thamani kubwa) yapelekwe kwa maseremala wa vijiji vilivyokatiwa miti, wachonge madawati ya shule zao.